Ufunguo wa Herufi 25 Unagharimu Shilingi Ngapi?

Katika duka lake la Marekani, Microsoft huuza Windows 11 Home kwa dola 139 na Windows 11 Pro kwa dola 199.99. Kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola, ambacho nitakitumia humu mwote, Home ni shilingi 18,070 na Pro ni karibu 26,000. VAT ya asilimia 16 ikitozwa juu yake, Home inafika shilingi 20,961. Mitandaoni na kwenye vibanda vya mjini, ufunguo wa Pro huuzwa kwa bei ya chini mno. Tuchukue shilingi 2,000 kama mfano. Hiyo haifiki asilimia 8 ya bei ya Microsoft, na asilimia 92 iliyobaki inahitaji maelezo.

Kaunta huchanganya vitu vitatu. Leseni ni haki ya kutumia programu kwa masharti fulani. Ufunguo ni herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tanotano. Kuamilisha ni kompyuta kuwasiliana na seva za Microsoft na ufunguo huo kukubaliwa. Seva huangalia kama ufunguo unafanya kazi. Haichunguzi risiti, wala haijui kama aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Neno "imeamilishwa" kwenye skrini, kwa hiyo, linajibu swali moja tu kati ya mawili.

Kwanza bei halali. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 620 hivi kwa siku, kwa hiyo Home bila kodi ni kazi ya siku 29. Marekani kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa. Dola 139 ni saa 19 na kidogo, yaani siku mbili na nusu za kazi. Ulinganisho huu una kasoro yake: anayelipwa kima cha chini si mnunuzi wa kawaida wa Windows, huku wala kule. Hata hivyo unaonyesha pengo ambalo soko la shilingi 2,000 linaishi ndani yake.

Funguo za bei hiyo hutoka wapi? Nyingine zilitolewa pamoja na kompyuta ambazo sasa ni chuma chakavu. Leseni za namna hiyo hufungwa kwenye mashine ya kwanza na masharti hayaruhusu kuzihamisha. Nyingine ni za mashirika: ufunguo mmoja unaoruhusiwa kuamilisha kompyuta nyingi za shirika moja. Tuseme mtu ameupata ufunguo wenye nafasi 50 na anauza kila nafasi kwa shilingi 2,000. Anakusanya shilingi 100,000, na hakuna hata mmoja kati ya wateja 50 aliyenunua haki yoyote. Ipo pia njia ya seva ya shirika, ambayo kwa kanuni za Microsoft huhitaji angalau kompyuta 25 na huamilisha kwa siku 180 kabla ya kuhitaji kuthibitishwa upya. Mteja aliyewekewa Windows kwa njia hiyo amekodi miezi sita bila kuambiwa.

Kujua ulichouziwa hakugharimu kitu. Amri ya slmgr /dli huonyesha mkondo wa leseni: RETAIL ni ya rejareja, OEM ilikuja na mashine, VOLUME ni ya shirika. Ukiona VOLUME kwenye laptopu yako binafsi, muulize fundi maswali.

Husemwa kwamba ufunguo wa bei rahisi mwishowe hula pesa zaidi. Hesabu haikubaliani na kauli hiyo kwa urahisi. Shilingi 18,070 zinanunua funguo tisa za 2,000. Ufunguo ukifa kila mwaka na fundi akalipwa 1,000 kila mara, gharama ni 3,000 kwa mwaka, na miaka mitano ni 15,000, bado chini ya bei halali. Ongeza nusu siku ya kazi iliyopotea kila mara, tuseme shilingi 1,000, jumla inakuwa 20,000 na mizani inageuka. Kwa hiyo jibu linategemea muda wako una thamani gani, na ufunguo unakufa mara ngapi. Wauzaji wa pande zote mbili huliruka jambo hili la pili. Hoja nzito dhidi ya ufunguo huo haiko kwenye shilingi: ni kwamba ofisi ikikaguliwa, herufi 25 bila risiti ya maana si leseni.

Na wengi wanaolipa, halali au la, huenda hawahitaji kulipa. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji huhifadhi ufunguo ndani ya madabodi yenyewe. Ukiweka upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, mfumo huusoma na kujiamilisha ukipata intaneti. Kupanda kutoka Windows 10 yenye leseni kwenda Windows 11 pia ni bure, mashine ikikidhi vigezo. Gharama inabaki flashi ya GB 8, bando la kupakua faili la GB kadhaa, na ujira wa fundi. Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya mara nyingi ilikuja na Pro yake. Fundi anayeifuta, akaweka Windows kisha akakuuzia ufunguo, amekuuzia kitu ambacho huenda kilikuwa tayari ndani ya mashine.

Takwimu za uharamia nazo zisomwe polepole. BSA, muungano wa kampuni za programu ambao Microsoft ni mwanachama wake, ulikadiria kuwa mwaka 2017 asilimia 74 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni, dhidi ya asilimia 37 duniani. Thamani ya kibiashara ya nakala hizo duniani iliwekwa kuwa dola bilioni 46.3. Thamani ya kibiashara si mauzo yaliyopotea. Chukua kompyuta 100, na 74 ziwe bila leseni ya Home: kwa bei ya dukani ni shilingi 1,337,180. Lakini kama ni saba tu kati ya wenyewe ambao wangelipa 18,070, hasara halisi ni shilingi 126,490, chini ya sehemu ya kumi.

Kuna gharama ambayo ufunguo wowote hauitatui. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Laptopu nyingi za mtumba ni za kizazi cha sita na saba, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Masasisho ya usalama ya ziada kwa mtu binafsi ni dola 30 hadi Oktoba 2026, yaani shilingi 3,900, na akaunti moja hufaa kwa kompyuta hadi kumi. Aliyekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft hulipa sifuri, kwa pesa angalau.

Kwa biashara ni dola 61 mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu: jumla 427 kwa kila kompyuta, au shilingi 55,510. Shule hulipa dola 1, kisha 2, kisha 4: jumla 7, au shilingi 910. Masasisho ni yaleyale, na bei ya biashara ni mara 61 ya bei ya shule. Tofauti hiyo haiwezi kuwa gharama ya kuyatengeneza. Ni makadirio ya nani ana uwezo wa kulipa.

Mwenye saiba ya kompyuta 12 akilipia miaka yote mitatu atatoa shilingi 666,120. Akizibadilisha kwa mtumba wa kizazi cha nane, tuseme kwa shilingi 30,000 kila moja, ni shilingi 360,000, na leseni zikiwa ndani. Mwaka wa kwanza wa masasisho, shilingi 7,930 kwa kompyuta, unaweza kutetewa kama muda wa kujipanga. Wa pili ni 15,860. Wa tatu peke yake ni 31,720, zaidi ya bei ya kompyuta nyingine.