Maana na Matumizi ya Neno "Bado"

Panda matatu ya kutoka mjini Kericho kwenda Litein, ukae kitini usubiri. Utingo atapiga kelele mlangoni: "Bado mmoja twende!" Ukigeuka nyuma utaona viti vitatu vitupu. Hesabu yake ni ya uongo, lakini sarufi yake haina kosa. Amesema kwamba gari linatarajiwa kujaa, halijajaa, na kilichosalia ni abiria mmoja. Yote hayo ameyabeba kwa neno moja.

Pengine tayari unajua kwamba "bado" ni kielezi cha wakati. Ukiulizwa aina ya neno, jibu hilo linatosha. Lakini katika karatasi ya 102/2, ambapo sehemu ya Matumizi ya Lugha ina alama 40, mara nyingi hutaulizwa aina tu. Utatakiwa kukanusha, kutunga sentensi, kubadilisha usemi au kueleza maana mbili za sentensi moja. Ndipo neno hili linapowakwaza wengi.

Anza na wazo hili: "bado" humwambia msikilizaji kuwa badiliko linalotarajiwa halijatokea. Neno lenyewe halikubali wala halikanushi. Kitenzi ndicho kinachoamua. Linganisha:

Mama bado anachuma majani.
Mama bado hajachuma majani.

Katika sentensi ya kwanza kazi inaendelea, na tunatarajia itaisha. Katika ya pili kazi haijaanza, na tunatarajia itaanza. Kielezi ni kilekile.

Ugumu huja kwa sababu lugha nyingine ulizo nazo kichwani hazifanyi hivyo. Kiingereza hutenga neno la jambo linaloendelea na neno la jambo ambalo halijatukia. Kikipsigis nacho kina "tomo" kwa jambo ambalo halijatukia, na huwezi kulitumia hilo kwa mtu ambaye yungali kazini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bomet anayefikiri kwa "tomo" anaweza kuliona "bado" kama neno la kukanusha, akaandika "Bado amefika" akikusudia kwamba mtu huyo hajafika. Hilo ni kosa. "Bado" halikanushi, kiambishi cha ukanushi lazima kiwepo kwenye kitenzi: "Bado hajafika."

Hapa mwanafunzi makini atauliza: mbona tunasema "Bado amelala", na ni sahihi? Swali zuri. Vitenzi kama lala, simama, kaa, vaa na choka vikipata -me- huonyesha hali ambayo mtu yumo sasa. Amelala maana yake yumo usingizini. Hali inaweza kuendelea, kwa hiyo "bado" inakubalika: usingizi haujaisha. Kufika si hali ya kuendelea; ukishafika umefika. Jipime kwa jozi hii: "Mtoto bado amelala" na "Mtoto bado hajalala." Wa kwanza usimpigie kelele. Wa pili huenda anakusumbua usisome.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningependa ulikumbuke kuliko yote, yaani tofauti ya -ja- na -ku-. Fikiria wakulima wamekaa kwenye kituo cha kupimia majani, jioni, magunia yamejaa. Majani mabichi ya chai yanapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo. Yakirundikana muda mrefu hupata joto na kuharibika. Mtu anakuja na habari ya lori. Akisema "Lori bado halijafika", wakulima watakaa pale pale, maana tumaini lipo. Akisema "Lori halikufika", habari imefungwa: wakati wake umepita, na majani ya siku nzima huenda yamekwenda bure. Kiambishi kimoja kinaamua kama mtu atasubiri au atarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana "bado" huandamana na -ja-. Ukiandika "Bado hakufika", unafungua mlango kwa neno la kwanza na kuufunga kwa la pili.

Vitenzi vya silabi moja visikuchenge. Tunaandika hajala, hajanywa, hajaja. "Hajakula" na "hajakuja" utayasikia sokoni kila siku, nami sikukatazi kununua ndizi kwa lugha hiyo, ila usiyapeleke kwenye karatasi ya mtihani.

Na ikiwa habari yote ni ya wakati uliopita? Weka kitenzi kisaidizi na uache -ja- mahali pake: "Tulipofika kituoni, lori lilikuwa bado halijafika." Utaratibu huo ndio utakaokusaidia katika usemi wa taarifa. Mchumaji akisema, "Bado sijalipwa," wewe utaandika: Mchumaji alisema kuwa alikuwa bado hajalipwa. Ukiandika "hakulipwa" umebadilisha madai yake. Yeye alisema anasubiri pesa zake. Wewe umesema pesa hizo hazikutolewa.

Matumizi mengine ni yale ya utingo wetu: kitu kilichosalia. "Bado kilo mbili gunia lijae." "Bado wiki tatu tuanze mtihani." Katika matumizi haya "bado" hutangulia kitu kinachohesabiwa. Matumizi haya ndiyo huzaa utata. Chukua sentensi fupi "Bado watoto." Inaweza kumaanisha kwamba watu hao wangali wadogo. Inaweza pia kumaanisha kwamba wengine wote wamekula, wamebaki watoto. Ukiombwa kueleza maana mbili, hakikisha maelezo yako yanatenganisha umri na zamu.

Kuna pia "bado" la kushangaa au kulalamika, lenye maana ya hata hivyo: "Alichuma kutwa nzima, bado akaambiwa kilo hazitoshi." Na katika maandishi ya fasihi utakutana na -ngali ikifanya kazi ya "bado" kwa jambo linaloendelea: "Yungali hai", "Angali akichuma." Usiichanganye na -ngali- ya masharti, kama katika "angalichuma".

Tumalizie na fasihi, kwa kuwa mwongozo huu ni wa vitabu teule. Wahusika wa tamthilia na riwaya hulitumia "bado" peke yake kama jibu, na jibu hilo lina siri zake. Soma mazungumzo haya, ambayo tumeyatunga kwa ajili ya somo hili:

MAMA: Baba yako amekupa karo?
BINTI: (Akitazama chini.) Bado, mama.
MAMA: Si bonasi ya chai iliingia wiki jana?
BINTI: Bado, mama.

Jibu la kwanza ni la kawaida. La pili halijibu swali lililoulizwa. Binti angeweza kusema "Hakunipa", na hapo angekuwa amemshtaki babake. Angeweza kusema "Hapana", na angekuwa amekata tamaa. Amechagua neno linalokiri kwamba karo haipo, huku likimwachia baba nafasi ya kuileta. Ukiulizwa sifa za Binti katika karatasi ya 102/3, usikimbilie kuandika "mvumilivu" ukaishia hapo. Ana staha, anamlinda mzazi wake, na huenda anaficha jambo. Ushahidi wako ni neno hilo lililorudiwa na maelekezo ya jukwaani. Vivyo hivyo mtu mzima akiulizwa kama ameoa au ana watoto, hujibu "bado" hata kama miaka imekwenda. Kwa Waswahili, "hapana" mahali hapo ni kama kujiapiza. Mwandishi akimfanya mhusika aseme "hapana", amefanya hivyo kwa makusudi. Jiulize ni kwa nini.

Zoezi

1. Kanusha: Karani amekuja na amekunywa chai. (Tumia "bado".)
2. Eleza tofauti ya maana: (a) Mzee bado amekaa. (b) Mzee bado hajakaa.
3. Andika katika usemi wa taarifa: "Bado hatujapima majani yetu," wakulima walisema.
4. Tunga sentensi mbili: moja yenye -ngali ya maana ya "bado", nyingine yenye -ngali- ya masharti.
5. Katika kitabu teule unachosoma, tafuta mhusika anayejibu "bado". Ni nini anachotarajia, na ni nani anayetarajiwa kukitimiza?