Uhuru wa Marekani Ulikuwa wa Nani?

Waingereza walipojenga kijiji cha Jamestown mwaka 1607, nchi ile haikuwa pori tupu. Watu wa Powhatan walikuwa wakilima mahindi humo tangu kale. Mwaka 1619 Waafrika zaidi ya 20, waliotekwa Angola, waliuzwa katika koloni lile lile la Virginia.

Tarehe 4 Julai, 1776, makoloni 13 yalitangaza kwamba binadamu wote ni sawa. Lakini mwandishi wa tangazo hilo, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, na wenyeji wote wa asili wakapata uraia mwaka 1924.

Basi, usomapo habari za uhuru wa taifa lolote, uliza: mlango ulipofunguliwa, nani aliachwa nje?