Sura ya 5: Aya ya 10 Kabla ya Aya ya 11

Kati ya aya zinazoshikwa na Wakristo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ni chache zinazoweza kushindana na Yeremia 29:11, ile ahadi kwamba Mungu anawatakia watu wake mema na kwamba mbele kuna tumaini. Mama anayesubiri simu ya kupelekwa nchi ya tatu anaishika. Kijana aliyekwama baada ya sekondari kwa kukosa ada anaishika pia. Wana haki ya kuishika. Ila juu yake ipo aya ya 10, na hiyo inataja miaka 70.

Katika sura hii tunauliza Maandiko yana nguvu gani katika siku ya kawaida ya Mkristo, isiyo na muujiza wala mkutano wa injili. Aya hizo mbili zimo katika barua ya Yeremia, na barua hiyo inajibu vizuri kuliko maelezo mengi, kwa sababu iliandikiwa watu waliohamishwa kwao kwa nguvu. Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia pamoja na mafundi na wakuu wa Yerusalemu hadi Babeli. Yeremia, aliyebaki nyumbani, aliwapelekea barua kwa mkono wa Elasa na Gemaria. Mateka walitazamia habari ya kurudi. Barua ikawaambia wajenge nyumba, walime bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha, kisha wautafutie amani mji ule ule uliowateka na kuuombea.

Sasa iweke barua hiyo Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara. Makazi ya Nakivale yalianzishwa 1958, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Ukipiga hesabu, makazi yenyewe yanakaribia miaka 70. Wapo waliozaliwa hapo, wakaoa hapo, wakazika wazazi wao hapo. Kwao Yeremia hasimulii mambo ya kale hata kidogo.

Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi, na sheria yake ya wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo agizo la kulima bustani linatekelezeka Nakivale, japo kwa shida: watu wameongezeka, vipande vimepungua, mvua haitabiriki, na mgao wa chakula wa WFP umekatwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Anayesoma aya ya 5 alfajiri, kisha akachukua jembe, hajahakikishiwa mavuno. Alichopata ni sababu ya kupanda mahali ambapo moyo unamwambia asihangaike kupanda kwa kuwa ataondoka. Mimi naiita hiyo nguvu, ingawa haipigiwi makofi kanisani.

Agizo la kuombea amani ya mji ni gumu zaidi. Ng'ombe wa mwenyeji wakiingia kwenye mahindi ya mkimbizi, au mwenyeji akiona malisho ya babu yake yamegeuzwa vijiji vya wageni, kila upande una neno la kusema, na mara nyingi kila upande una haki fulani. Aliyeombea Isingiro asubuhi atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai fidia, na adai bila kusita. Lakini itamwia vigumu kwenda na panga.

Ujumbe wa barua ya Yeremia ulikuwa na wapinzani. Katika sura ya 28, Hanania aliwatangazia watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Bila shaka alisikilizwa kwa furaha. Aliyeishi kambini hana haja ya kufundishwa Hanania ni nani: ni yule anayekutabiria ndege mwezi ujao, na sadaka anaitaka leo. Watu wa kusini-magharibi mwa Uganda wanakumbuka pia Kanungu, 17 Machi 2000, ambako mamia ya waumini waliteketea ndani ya kanisa la kundi lililojinadi kurejesha Amri Kumi. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili waone kama Paulo mwenyewe alisema kweli. Kama mtume alipimwa, mhubiri wa turubai naye apimwe.

Isidhaniwe kwamba Neno linamtaka mkimbizi atabasamu muda wote. Zaburi ya 137 inalia kando ya mito ya Babeli, na mwisho wake unatamka kisasi cha kutisha ambacho wengi wetu tunakiruka tunaposoma ibadani. Tusikiruke. Aliyeona nyumba yake ikichomwa Kivu au Ituri anapata pale ruhusa ya kumwambia Mungu hasira yote, na akishaisema mbele za Mungu si lazima aibebe hadi kwa jirani.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliijua njia hiyo. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alivuka milima kuingia Rwanda, akawa mkimbizi. Alikiri waziwazi kwamba chuki dhidi ya Idi Amin ilimkausha, mpaka habari ya Yesu kuwasamehe waliomsulubisha ilipomshika. Mwaka huo huo akatoa kitabu kiitwacho I Love Idi Amin. Amin hakubadilika, wala Kivengere hakuacha kuupinga uonevu wake. Uganda aliirudia baada ya Amin kuanguka 1979.

Basi wiki hii, kabla ya kunukuu tena aya ya 11, isomeni nyumbani sura yote ya 29, kwa lugha ambayo watoto wanaielewa, iwe Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Runyankore. Mkifika aya ya 7, watajeni majirani kwa majina.