Nduma, Duma na Pembe: Lugha ya Rohoni katika Roki Nzito ya Nairobi

Wadi ya Kabiro, katika jimbo la Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi, ni sehemu ya mtaa mpana wa Kawangware. Mtoto akuliaye huko husikia Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo nyumbani na kwa jirani, Kiswahili na Sheng barabarani, Kiingereza shuleni, na nyimbo za kanisani karibu kila Jumapili. Lugha tatu za mwanzo ni za toni. Kiswahili sicho. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mpita njia, lakini kwa mtunzi wa nyimbo ina uzito mkubwa, hasa anapotaka kuimba mambo ya rohoni juu ya magitaa ya umeme na ngoma za kishindo. Hadi sasa bendi nyingi za roki nzito mjini humo zimeimba kwa Kiingereza, na mara kwa mara husemwa kwamba Kiswahili hakiuwezi muziki huo. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa vigezo vya lugha yenyewe.

Mfano ulio mashuhuri ni kundi la Duma, la watu wawili, Lord Spikeheart na Sam Karugu, ambalo sahani yake ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao ulikuwa wa kelele na ukali kuliko wa sauti tamu. Hata hivyo jina lao lina mafunzo. Wenyewe walilieleza kuwa ni neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Mswahili akilisikia humfikiria mnyama mwenye mbio. Katika Kikuyu neno hilo huandikwa nduma, lakini lugha hiyo haitofautishi d na nd kifonimu, na wasemaji wengi hudhoofisha unazali huo bila kupoteza maana. Kiswahili hutofautisha: dege si ndege. Basi herufi moja iliyoanguka imelitoa neno gizani na kulitia mbugani. (Ama nduma ya sokoni, iliwayo kwa chai, ni habari nyingine.)

Katika sahani hiyohiyo kuna majina ya nyimbo yanayotaja malaika na dhambi, yote kwa Kiingereza, na mmoja uitwao "Pembe 666". Msomaji wa Ufunuo sura ya 13 hana budi kumkumbuka mnyama mwenye pembe na hesabu yake. Inastahili kuangaliwa kwamba katika jina hilo, neno la Kiswahili ndilo lililobeba picha.

Tuje sasa kwenye mizani. Nyimbo za kanisani zilizofasiriwa, kama nyingi zilizomo katika Tenzi za Rohoni, zilirithi tuni za Kizungu. Nyingi za tuni hizo humalizia mstari kwa pigo zito, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi yenye mkazo mwishoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake ni kwamba mwimbaji hulazimika kuitia nguvu silabi ya mwisho ya wokovu, na sikio la mzawa huumia kidogo ijapokuwa limezoea. Pengine hapa ndipo ilipozaliwa dhana kwamba Kiswahili hakikubali mapigo ya kigeni. Kosa si la lugha. Ni la tuni iliyoshonwa kwa mwili mwingine.

Roki ina kipimo kingine. Kwa kawaida huwa na mapigo manne, kila pigo likigawanyika mara mbili, yaani nafasi nane. Na kigoma kikali hulia kwenye pigo la pili na la nne. Kipande cha utenzi, kama vile katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, kina mizani nane. Tuchukue kipande kilichotungwa kwa ajili ya mfano huu tu: Giza limetuzingira. Mizani ya saba, -ngi-, ndiyo yenye mkazo, nayo huangukia pigo la nne, palepale kigoma kinapolia. Irabu ya mwisho hubaki katika nusu iliyo nyepesi, ikififia ndani ya mlio wa gitaa. Kipande cha namna hiyo hakihitaji kukunjwa ili kiingie, kimeingia chenyewe.

Jambo la pili ni sauti ya koo. Waimbaji wa muziki huu hunguruma, na katika ngurumo kiimbo hupotea. Mwimbaji wa Kikuyu hupoteza pamoja nacho toni, na toni ni sehemu ya neno. Mwimbaji wa Kiswahili hupoteza machache, kwani mkazo huonekana pia katika urefu wa silabi, na irabu tano zilizo mbalimbali hutambulikana hata katika mkwaruzo. Yafaa pia ikumbukwe kwamba roho, kwa maana mojawapo ya zamani, ni koo: kumkaba mtu roho ni kumbana koo. Hapo lugha ilikuwa imekwisha kuviunganisha vitu viwili ambavyo mwanamuziki huyu anavihangaikia.

Tatizo lililo la kweli ni m iliyo silabi. Msamiati wa rohoni umejaa nayo: Mtakatifu, Mkombozi, Mponyaji. Midomo ikifumbwa ngurumo hufa. Mwimbaji wa Nairobi hulitatua kwa kusema mu-, Mutakatifu, Mukombozi, kama lafudhi za bara zifanyavyo tangu hapo. Mtu wa pwani atakunja uso; lakini akihesabu mizani ataiona imetimia, kwa sababu m ile nayo ilihesabiwa kuwa moja.