Dizeli Ilivyoangushwa na Waliopaswa Kuipima

Mwaka 2013 wahandisi wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga mitambo ya kupimia moshi nyuma ya magari matatu ya dizeli, wakawasha jenereta ya kuiendesha, kisha wakaingia barabarani California. Kazi hiyo walipewa na shirika la utafiti la ICCT, na nia haikuwa kumnasa mtu. Ilijulikana kwamba dizeli za Ulaya zinachafua hewa kuliko vyeti vyake vinavyosema. Marekani ina sheria kali zaidi, kwa hiyo watafiti waliamini kwamba huko magari hayo yatakutwa safi, na vipimo vyao vitaionyesha Ulaya kwamba usafi huo unawezekana.

Walikuta kinyume chake. BMW X5 ilikaa karibu na kiwango cha sheria katika sehemu kubwa ya safari. Volkswagen Jetta ilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango hicho, na Passat, ambayo waliiendesha hadi Seattle na kurudi, mara 5 hadi 20. Kwenye maabara ya CARB, mamlaka ya hewa ya California, magari yayo hayo yalikuwa yamefaulu.

Siri ilikuwa kwenye kompyuta ya injini. Programu ilisoma mkao wa usukani, mwendo wa gari, muda ambao injini imekuwa ikiwaka na shinikizo la hewa. Gari linapopimwa maabara, magurudumu huzunguka juu ya rola, usukani haugeuzwi, na mwendo hufuata ratiba iliyoandikwa kwenye kanuni sekunde kwa sekunde. Programu ikiziona dalili hizo, iliuacha mfumo wa kusafisha moshi ufanye kazi kikamilifu. Gari likitoka nje, mfumo ulilegezwa. Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, ulisema kwamba katika hali fulani uchafu ulifikia mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa.

Kuondoa oksidi za nitrojeni kuna gharama, na gharama ndiyo kiini cha jambo lote. Njia moja ni mtego wa kikemikali unaozinasa, lakini kila baada ya muda lazima usafishwe kwa kuchoma mafuta ya ziada. Nyingine ni kunyunyizia maji ya urea kwenye moshi, na hapo gari linahitaji tangi la pili ambalo mwenyewe atalazimika kulijaza. Kiwango cha Marekani kilikuwa takriban gramu 0.043 kwa kilomita, wakati Ulaya iliruhusu 0.18 chini ya kanuni za Euro 5. Volkswagen ilitaka kuuza Marekani gari la bei nafuu, lisilokula mafuta, na lisilomsumbua mnunuzi kwa urea. Katika maelezo iliyoyakubali mahakamani mwaka 2017, kampuni ilieleza kwamba wahandisi wake walitambua tangu 2006 kuwa hawawezi kuunda injini itakayotimiza kiwango hicho na bado ikavutia wateja. Waliandika udanganyifu ndani ya programu, na gari likatangazwa kuwa ni dizeli safi. Jetta hiyo hata ilipewa tuzo ya gari la kijani la mwaka 2009.

Ripoti ya West Virginia ilitoka Mei 2014. Kwa zaidi ya mwaka mzima kampuni iliwajibu wadhibiti kwa maelezo ya kiufundi yasiyokuwa na ukweli. Desemba 2014 iliita karibu magari 500,000 gereji ili programu ibadilishwe. CARB ikayapima tena, ikakuta bado ni machafu. Kilichovunja ukaidi huo ni neno moja la wadhibiti: magari ya mwaka 2016 hayatapewa vyeti. Bila cheti hakuna mauzo. Tarehe 3 Septemba 2015 Volkswagen ikakiri, na tarehe 18 EPA ikautangazia ulimwengu. Magari yenye programu hiyo yalikuwa takriban 482,000 Marekani, na milioni 11 duniani. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku tano baadaye.

Sehemu kubwa ya magari hayo milioni 11 ilikuwa Ulaya, na kwangu hapa ndipo penye uzito kuliko kashfa yenyewe. Uovu wa kampuni unaeleweka haraka. Kigumu kueleza ni jinsi bara lenye wahandisi wengi kiasi hicho na sheria nyingi kiasi hicho lilivyokaa miaka bila kugundua, wakati kugundua kulihitaji mitambo ya kutosha kuingia kwenye buti la gari.

Ukweli ni kwamba uchafu huo uligunduliwa. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilichoko Ispra, Italia, kilichapisha mwaka 2011 vipimo vya barabarani vilivyoonyesha kuwa dizeli zinapita viwango kwa mbali. Marufuku ya vifaa vya kuulegeza mfumo wa kusafisha moshi ilikuwa kwenye kanuni za Ulaya tangu 2007. Kamati ya uchunguzi ya Bunge la Ulaya, iliyomaliza kazi mwaka 2017, ilihitimisha kwamba Tume na nchi wanachama walikuwa na dalili mikononi wakashindwa kuzifuatilia. Hawakukosa taarifa. Walikosa sababu ya kutaka kujua zaidi.

Tazama mfumo ulivyopangwa. Kipimo rasmi kilichukua dakika 20 hivi, kilomita 11, kwa wastani wa kilomita 34 kwa saa, ndani ya chumba chenye joto zuri. Mtengenezaji alichagua nchi ya kumpa idhini, akailipa yeye mwenyewe taasisi iliyofanya kipimo, na idhini ya nchi moja ikakubalika katika Umoja wa Ulaya wote. Nchi iliyokuwa kali ilijua kwamba kampuni itahamia kwa jirani. Nchini Ujerumani jimbo la Niedersachsen linamiliki asilimia 20 ya kura za Volkswagen, na ajira za maelfu ya familia zinategemea viwanda vyake. Nani katika serikali ya namna hiyo angetuma gari barabarani kutafuta habari mbaya?

Tena dizeli ilikuwa mtoto wa sera. Mwaka 1998 watengenezaji wa Ulaya walikubaliana na Tume kupunguza kaboni dioksidi, na dizeli, ambayo huchoma mafuta kidogo kwa kilomita, ikawa njia rahisi ya kufika huko. Kodi zikapangwa kuipendelea. Mwaka 2015 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli. Waliokuwa wakiitetea kwa ajili ya tabianchi hawakutaka kusikia kinachotoka kwenye bomba la moshi mitaani, mahali ambapo watoto hupita.

Baada ya kashfa, Ujerumani ilipima aina 53 za magari. Katika aina 22 ilikuta maswali, mengi yakihusu mfumo wa kusafisha moshi uliopunguza kazi kulingana na joto la hewa. Watengenezaji walijitetea kwamba kanuni inaruhusu hivyo ili kuilinda injini. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa Mahakama ya Haki ya Ulaya kusema wazi kwamba mfumo unaofanya kazi kikamilifu kati ya nyuzi 15 na 33 tu, katika bara ambalo sehemu kubwa ya mwaka lina baridi kuliko hapo, hauwezi kuhalalishwa kwa hoja hiyo.

Mwaka 2021 likafichuka jambo ambalo kwangu ni baya zaidi ya programu ile. Tume ilizitoza BMW na kundi la Volkswagen euro milioni 875 kwa sababu, pamoja na Daimler, zilikuwa zimekubaliana kutoshindana katika kusafisha moshi kupita kiwango cha sheria, hadi kwenye ukubwa wa matangi ya urea. Daimler ilisamehewa kwa kuwa ndiyo iliyotoa siri. Kwa hiyo teknolojia ilikuwepo. Watu walivuta hewa chafu kwa makubaliano ya vikao.

Utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2017 ulikadiria kwamba uchafu uliozidi viwango vya vyeti, kutoka dizeli ndogo na malori, ulihusika na vifo vya mapema takriban 38,000 kwa mwaka 2015 pekee. Vifo hivyo havina kesi. Marekani, wanunuzi walirudishiwa fedha na magari yakanunuliwa upya chini ya mapatano ya hadi dola bilioni 14.7, mhandisi James Liang alifungwa miezi 40 na meneja Oliver Schmidt miaka saba. Mnunuzi wa Kijerumani alipewa programu mpya, na akasubiri hadi Mei 2020 mahakama kuu ya nchi yake iseme kwamba anastahili fidia. Rupert Stadler, aliyekuwa mkuu wa Audi, kampuni ya kundi la Volkswagen, alipata kifungo cha nje mwaka 2023. Kesi ya Winterkorn ilianza Septemba 2024, ikasimama kwa sababu ya afya yake.

Mageuzi yalikuja, na yamefanya kazi. Tangu Septemba 2017 aina mpya za magari hupimwa barabarani, ingawa serikali zilianza kwa kuruhusu mara 2.1 ya kiwango. Tangu 2020 Tume inaweza kutoza hadi euro 30,000 kwa kila gari. Dizeli mpya za leo ni safi kwa mbali kuliko zile za kashfa, lakini mnunuzi ameshaondoka: mwaka 2024 zilikuwa chini ya asilimia 13 ya magari mapya katika Umoja wa Ulaya. Mwishoni mwa mwaka huo Volkswagen, iliyokwisha kutumia zaidi ya euro bilioni 30 kwa ajili ya kashfa, ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza nafasi 35,000 Ujerumani kufikia 2030. Si dizeli pekee iliyoifikisha hapo; ushindani wa China ni sababu kubwa zaidi. Hata hivyo miaka na fedha zilizotumika kulipia uongo hazikutumika kwenye betri.

Sasa nguvu ya mdhibiti inapunguzwa tena. Juni 2025 Marekani ilifuta vibali vilivyoiruhusu California kuweka kanuni zake mpya za magari na malori, jimbo lilelile ambalo maabara yake iliibana Volkswagen.

Hayo yanatuhusu. Januari 2025 Hino, ambayo malori yake yanajulikana vizuri Mombasa na Dar es Salaam, ilikubali kukiri kosa Marekani kwa kudanganya katika maombi ya vyeti vya injini. Zaidi ya injini 105,000 zilihusika. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2020 kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Dizeli za Ulaya zenye usukani wa kushoto zinafaa kwa barabara za Kongo, Rwanda na Burundi. Zikifika, kipimo cha kawaida cha ukaguzi wa dizeli hupima masizi, yaani moshi mweusi. Oksidi za nitrojeni hazionekani, na kipimo hicho hakizigusi.