Kikombe cha kukorogea povu la ndevu

Kwenye meza za soko la Gety, huku Ituri kusini mwa Bunia, hutakuta bakuli lililotengenezwa maalumu kwa ajili ya kunyolea. Utakuta gobele za plastiki, vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vibakuli vya aluminiamu, sahani za uji na vyungu vya udongo. Mwenye brashi na kipande cha sabuni atachagua humo humo, na wala hapati hasara. Mabakuli ya kunyolea yanayouzwa Ulaya kwa bei ya mbuzi mzima hayafanyi kazi yoyote ambayo kikombe kilichochaguliwa vizuri hakiiwezi.

Kazi yenyewe si kubwa. Povu ni maji, sabuni na hewa, na kinachoviunganisha ni brashi inayosuguliwa kwenye ukuta wa chombo. Wapo wanaokoroga moja kwa moja usoni, na povu linatoka. Ila mwenye ngozi inayotoka vipele, hasa mwenye ndevu za kujikunja ambazo zikikatwa hugeuka na kuchoma ngozi zikirudi ndani, atafanya vizuri kuupunguzia uso msuguano na kumaliza kukoroga chomboni.

Kwa hiyo anza na brashi, si na rangi ya kikombe. Brashi ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 10, mpini na manyoya pamoja. Itumbukize kwenye kikombe kirefu cha chai, uanze kuzungusha: vidole vinagonga ukingo, mkono unajikunja, na manyoya yanafika chini kwa ncha tu. Chombo kizuri kina kina cha sentimita 5 hadi 7 na mdomo wa sentimita 10 hadi 12, ili brashi ilale kidogo na kuzunguka bila kubanwa. Angalia na sehemu ya chini kwa ndani. Ukuta ukikutana na kitako kwa kona kali, sabuni hujificha pale na brashi haiifikii. Mviringo wa taratibu ni bora. Mistari au vinundu ndani ya chombo huharakisha povu, lakini chombo laini nacho hufika, kinachelewa nusu dakika tu.

Jambo la pili ni mkono wenye maji. Gobele ya plastiki ni nyepesi mno: unazungusha brashi, nayo inazunguka pamoja nayo, povu linaishia kwenye shati. Mkono wa kikombe, yaani kile kishikio cha pembeni, una thamani kubwa hapa kuliko kwenye chai. Kama huna kikombe chenye mkono, weka kibakuli juu ya kitambaa kibichi mezani, hakitatembea.

Sasa vifaa vyenyewe. Plastiki ina kasoro mbaya kuliko wepesi wake, nayo ni mafuta. Kila mama wa Ituri anajua bakuli la plastiki lililobeba mawese: unaliosha, unalisugua, rangi ya chungwa inabaki. Ikibaki rangi, mafuta nayo yamebaki, na mafuta ni adui wa povu, kwa sababu hupasua utando mwembamba wa sabuni unaoshikilia hewa. Kikombe kilichonywewa chai ya maziwa asubuhi na kusuuzwa kwa maji baridi kitakupa povu linalopanda na kufa kabla hujafika kwenye kidevu. Watu hulaumu sabuni. Familia nyingi za Walendu-Bindi, wenyeji wa Gety, zilizowahi kukimbia vita zinajua maisha ya kikombe kimoja kinachofanya kazi ya chai, ya dawa na ya kuogea, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Ila ukiweza kutenga kimoja kwa ndevu peke yake, umemaliza nusu ya tatizo.

Aluminiamu nayo ni nyepesi, tena hupoa upesi, na sabuni, kwa kuwa ina asili ya magadi, huifanya ipoteze mng'ao na kuwa ya kijivu. Haina sumu ya kukuua, inachafua tu. Chungu cha udongo kisichopakwa chochote ni kizito na hutulia vizuri, na ukuta wake unaokwaruza huzaa povu haraka. Shida ni kwamba kinanyonya maji na sabuni, na kikikaa bila kukauka kinaota ukungu. Kata ya kibuyu ina tabia hiyo hiyo.

Mimi naweka mbele kile kikombe cha bati cheupe, au zaidi ndugu yake bakuli dogo la aina hiyo hiyo. Ndani ni chuma, juu yake ni tabaka la kioo kilichoyeyushwa kwa moto mkali. Kioo hakinywi mafuta, hakili sabuni, na kinaoshwa mara moja kikatakata. Ukikinunua, kipitishie kidole ndani kote. Penye alama nyeusi iliyobanduka, chuma kiko wazi, kutu inakuja, na ncha za kioo zitakata manyoya ya brashi. Kilichobanduka nje tu, chukua, na uombe punguzo.

Kuhusu joto, watu hubishana bure. Povu hutoka hata kwa maji baridi. Joto ni la starehe na la kulainisha ndevu: unywele ukikaa kwenye maji dakika mbili au tatu hulainika, na maji ya vuguvugu huharakisha. Bunia iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za huku kusini mwake si za kuchezea. Mtu ana haki ya kutaka povu la moto. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa na vikombe vya kunyolea vyenye sehemu ya kuwekea maji ya moto. Wewe weka kibakuli chako ndani ya kingine kikubwa chenye maji ya moto, basi. Au jaza kikombe maji ya moto wakati brashi inalowana humo humo, kisha mwaga.

Baada ya kumwaga, kung'uta brashi, isugue kwenye sabuni kama nusu dakika, halafu hamia kikombeni. Maji yaongezwe kwa matone, kwa ncha za vidole. Mwanzoni utaona mapovu makubwa yenye macho. Hayo ni hewa tu. Endelea, ongeza tone, endelea. Yatajifunga na kuwa mazito, yenye kung'aa, kama maziwa yaliyoganda. Weka kidogo kati ya vidole viwili: yakiteleza, yako tayari, yakivuta na kukauka, yanataka maji. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima chenye chokaa, kwani chokaa hukamata sabuni na kuigeuza uchafu mweupe unaoshika kuta za kikombe.

Na sabuni ya kufulia, je? Inategemea imepikwa kwa nini. Mawese yana asidi ya palmitiki kwa kiasi cha asilimia 44, na hiyo ndiyo inayotoa povu zito la kudumu. Mafuta ya mbegu ya ndani ya mchikichi yana asidi ya lauriki karibu nusu, na hayo hutoa mapovu makubwa ya haraka yanayokausha ngozi. Sabuni ya kunyolea mara nyingi huwa na potashi ili iyeyuke upesi. Kipande cha kufulia hupikwa kwa soda kostiki. Kikiwa kimepikwa vibaya na soda imebaki, kitaunguza uso. Kigusishe kwanza kwenye mkono kwa ndani.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni saluni. Kinyozi mmoja, brashi moja, kikombe kimoja, wateja tangu asubuhi. Wembe wanabadilisha, na hilo limeeleweka. Brashi haibadilishwi. Inagusa kidevu kilichokwaruzwa, inarudi kikombeni, inamwendea anayefuata. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa. Wafugaji wa Ituri wanaujua ugonjwa huo kwa ng'ombe.

Wamarekani wa karne ya 19 walikuwa na utaratibu unaopendeza: mteja wa kudumu aliacha kikombe chake kwenye rafu ya kinyozi, jina lake limeandikwa, wakati mwingine na picha ya kazi yake, mhunzi na nyundo, mchinjaji na ng'ombe. Wembe wa Gillette ulipoanza kuuzwa mwaka 1903, watu wakaanza kujinyoa nyumbani na rafu zile zikawa tupu. Kinyozi wa Gety angeweza kuurudisha utaratibu huo bila gharama yoyote: mteja aje na kikombe na brashi yake.

Kinyozi asiyeweza hilo, atengeneze povu kikombeni kwa brashi ambayo haigusi uso wa mtu, alichote kwa kijiko safi, alipake kwa mkono ulionawa, na kilichobaki akimwage. Kuhusu kusafisha, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliwafundisha watu wa Ituri kuchanganya klorini: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa vyombo. Kikombe cha bati kinavumilia hiyo ya pili, dakika 10, kisha kisuuzwe kwa maji mengi. Brashi ya manyoya haivumilii, itakatikakatika. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha iwe ya mtu mmoja. Ikishaoshwa, ining'inizwe manyoya yakitazama chini mahali penye upepo, na kikombe kifudikizwe, kisirudishwe kabatini kikiwa na tone la maji ndani.