Je, Wajua? Timazi ya Shinyanga Hugeuka Nyuzi 23 kwa Siku

Mwashi hutaka timazi itulie. Sasa ining'inize kwa waya mrefu, isukume ibembee, uizuie isipigwe na upepo: mjini Shinyanga mstari wa bembea utageuka kinyume cha mwendo wa saa, takriban nyuzi 23 kila siku. Geita, iliyo karibu zaidi na ikweta, ni kama 18 tu. Paris, alikoonyesha jambo hili Léon Foucault mwaka 1851 kwa waya wa mita 67, ni 271.

Baada ya siku nzima mzunguko wa Dunia umeirudisha timazi ilikoanzia, ila mwelekeo wa bembea yake haukurudi. Chanzo si uzito wake. Ni njia iliyopita juu ya Dunia iliyo mviringo.

Mwaka 1984 Michael Berry wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha kuwa hata elektroni hufanya hivyo. Ukiuzungusha polepole ugasumaku unaoizunguka hadi mwelekeo ulioanzia, wimbi la elektroni hubaki limesogea kwa kiasi cha ziada kinachotegemea umbo la njia, si muda uliotumika.

Watafiti wameupima msogeo wa aina hii ndani ya almasi, jiwe lililompeleka mwanajiolojia John Williamson hadi Mwadui, mkoani Shinyanga, mwaka 1940. Watafiti hao, tofauti na sonara, hutaka almasi yenye dosari: atomu ya nitrojeni kando ya pengo tupu.